Jifunze Kumimina Bamba la Choo na Mfuniko Wake



Bila shaka umewahi kufyatua matofali, au umeona wenzako wakifyatua. Unalowesha kalibu, unajaza udongo, unasawazisha, unanyanyua. Kalibu inatoka, tofali linabaki. Somo la leo ni ndugu wa kazi hiyo. Badala ya udongo tutatumia zege. Badala ya tofali tutapata bamba la kuweka juu ya shimo la choo, pamoja na mahali pa kukanyagia na mfuniko. Mafundi wengi huliita bamba hilo slabu. Sisi tutasema bamba.

Kwa nini tusumbuke, na miti ipo? Nitakueleza yaliyotupata nyumbani. Choo chetu kilikuwa cha miti iliyopangwa juu ya shimo na kukandikwa udongo. Kwa juu kilionekana kizima. Kumbe chini mchwa walikuwa wamekula miti miwili, likabaki ganda tu. Asubuhi moja ya masika mama aliingia, mti ukakatika, mguu wake mmoja ukazama mpaka pajani. Alipiga kelele, majirani wakaja wakamvuta. Alipona, ila ana kovu mpaka leo. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka sita. Hakuingia tena chooni karibu mwaka mzima. Alikwenda kwenye migomba. Tulimgombeza, haikusaidia. Alikuwa ameona kwa macho yake.

Mtoto anayeogopa choo huacha kinyesi chake nje. Mvua ikinyesha, kinyesi kinafuata maji mpaka kisimani au mtoni. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyosafiri. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika mikoa mingi ya nchi yetu.

Habari ya vyoo si ngeni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, na vyoo vingi vilichimbwa. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo. Kuchimba tunajua. Kinachotushinda ni sakafu.

Jirani zetu wa Msumbiji walipambana na jambo hilo hilo. Walipata uhuru mwaka 1975. Nondo na saruji zilikuwa adimu. Mwaka 1979 ulianza mradi wa vyoo, na Björn Brandberg, mtaalamu kutoka Sweden, akabuni pamoja na wenzake bamba la zege lisilotumia nondo. Baadaye alilifanya pia bamba dogo la mraba, sentimita 60 kwa 60. Hilo dogo ndilo tutakalojifunza. Linapigwa kwa kalibu ya mbao, na mtu anayejua kusoma futi ya fundi anaweza kulitengeneza.

ANZA NA KIELELEZO

Kabla ya kufungua mfuko wa saruji, tengeneza kwanza bamba dogo la mfano. Usicheke. Ukikosea kwenye dogo umepoteza vijiko vichache vya saruji. Ukikosea kwenye kubwa umepoteza fedha.

Tumia kipimo cha 1 kwa 5. Maana yake, kila sentimita 5 za bamba la kweli ni sentimita 1 ya mfano. Bamba la kweli lina upande wa sentimita 60, basi la mfano litakuwa na sentimita 12. Unene wa sentimita 5 utakuwa sentimita 1. Piga kijikalibu cha vipande vya mbao. Katikati weka kipande chenye umbo la tundu la choo. Kipande hiki cha katikati tukiite kiini. Kwa mfano unaweza kukichonga kwa kiazi kitamu kibichi. Changanya vijiko 5 vya chakula vya saruji na vijiko 10 vya mchanga laini uliochekechwa, bila kokoto. Tia maji kidogo kidogo mpaka ushikamane, kisha jaza.

Mimi kiini changu cha kwanza nilikichonga kimenyooka, juu na chini sawa. Kesho yake nikavuta, hakitoki. Nikagonga, bamba likapasuka vipande vitatu. Ndipo nilipojifunza: kiini lazima kiwe kipana juu, na chini kipungue kidogo. Hapo ukikivuta kwenda juu kinaachia chenyewe. Ni kama ndoo. Ndoo pana mdomoni hutoa ugali mzima ukiipindua. Chungu chenye shingo hakitoi.

Lakini angalia. Mfano unakufundisha umbo, mafuta na kungoja. Haukufundishi nguvu. Kibamba cha sentimita 12 unaweza kukikanyaga kisivunjike, ukajiona fundi. Kitu kikikuzwa mara 5 kila upande, uzito wake unakuwa mara 125, lakini eneo la zege linalobeba uzito huo linakuwa mara 25 tu. Kwa hiyo bamba kubwa lina mzigo mkubwa kuliko unavyodhani ukitazama lile dogo. Lazima lijaribiwe lenyewe. Tutafika huko.

KALIBU YA KWELI

Chukua mbao nne zenye kimo cha sentimita 5, uzipigilie ziwe mraba. Kwa ndani kila upande uwe sentimita 60. Usizamishe misumari yote, acha vichwa nje ili uweze kuing'oa baadaye. Sasa pima kwa kamba kutoka kona mpaka kona, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, karibu sentimita 85, mraba wako umenyooka. Visipolingana, sukuma kona iliyo ndefu.

Kiini kichongwe kwa mbao ngumu, kimo chake kipite sentimita 5 kidogo ili upate pa kushika. Umbo lake ni kama tundu la kufuli: upande mmoja mviringo, upande wa pili mwembamba. Kwa juu, mviringo uwe na upana wa sentimita 17, sehemu nyembamba sentimita 10, na urefu wote sentimita 35. Kwa chini punguza sentimita 2 kila kipimo. Usipanue tundu ati wazee wapate nafasi. Tundu kubwa ndilo linalowatisha watoto, na wana haki ya kuogopa.

MCHANGA NA KOKOTO

Mchanga wa mtoni ni mzuri, lakini mara nyingi una tope. Ujaribu hivi. Chukua chupa nyeupe, tia mchanga mpaka sentimita 5, jaza maji, weka chumvi kidogo, tikisa sana. Iache itulie saa chache. Mchanga utakaa chini, na tope litakaa juu yake kama utando. Tope likizidi milimita 3, uoshe mchanga huo au utafute mwingine. Tope huzuia saruji isishike mchanga.

Kokoto ziwe ndogo. Isiwepo inayozidi sentimita moja na kidogo, karibu upana wa kidole. Bamba lenye unene wa sentimita 5 halitaki mawe.

Saruji soma mfuko wake. Umeandikwa kilo 50, na umeandikwa 32.5 au 42.5. Namba hiyo ni daraja la nguvu, na zote mbili zafaa kwa kazi yetu. Kubwa zaidi ni hali yake. Tia vidole ndani. Saruji nzuri ni laini kama unga wa muhogo. Ukikuta madonge yasiyovunjika kwa vidole, saruji hiyo imekwisha kunywa maji ghalani. Usiinunue hata ukipunguziwa bei.

KUPIMA

Hapa ndipo kazi inapoharibika. Fundi anachota kwa koleo, moja imejaa, nyingine nusu, huku anaongea. Wewe tumia dumu la lita 5 lililokatwa mdomo. Jaza kila mara mpaka ukingoni na upitishe kijiti juu. Kwa bamba moja:

Saruji dumu 1.
Mchanga madumu 2.
Kokoto madumu 3.

Changanya vikavu juu ya bati au turubai, si juu ya udongo, mpaka rangi iwe moja. Kisha pima maji lita 3. Mwagia kidogo kidogo huku unageuza. Likiwa bado gumu sana ongeza, lakini usipite lita 3 na nusu. Mchanga ukiwa umelowa mvua, maji yapungue zaidi. Finyanga donge mkononi: lishikamane, lisichuruzike.

Najua utavutiwa kuongeza maji. Zege jepesi linamiminika vizuri, linajaza kona bila jasho. Ndiyo, lakini maji yasiyotumika yatakuja kutoka, na mahali yalipokuwa patabaki matundu madogo madogo. Bamba linakuwa kama mkate. Zege gumu la kushindiliwa kwa kijiti linachosha mikono, nalo ndilo linalobeba mtu.

Tena tahadhari. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, hutasikia mpaka jioni. Vaa glavu, au funga mifuko ya nailoni mikononi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo kwa muda mrefu, kisha uende zahanati. Watoto wakae mbali.

KUMIMINA

Chagua kivuli na mahali palipo sawa. Tandika nailoni. Weka kalibu, na kiini katikati. Paka mafuta mepesi kwenye mbao zote zitakazogusa zege, hasa kiini. Oili chafu ya gari yatosha. Iwe utando tu. Ikijikusanya kwenye kona, zege la hapo litabaki laini.

Jaza nusu kwanza. Chukua kijiti, shindilia kila mahali, zaidi kwenye kona na kuzunguka kiini. Jaza nusu ya pili, shindilia tena. Sasa gonga mbao za kalibu kwa nyundo, taratibu, pande zote. Utaona viputo vya hewa vinapanda na kupasuka juu. Gonga mpaka viishe. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa juu panaonekana pamejaa. Wakitoa kalibu wanakuta ubavuni kuna mapango, na kokoto zimekaa uchi. Bamba la namna hiyo huanza kumomonyoka pale pale.

Sawazisha kwa ubao ulionyooka. Pande za nje ziwe juu kidogo kuliko ukingo wa tundu, ili maji ya kuoshea yaelekee tundu.

Mahali pa kukanyagia panawekwa siku hiyo hiyo, zege likiwa bichi. Ukingoja kesho havitashikana, vitabanduka kama ngozi ya jeraha. Ili ujue pa kuviweka, kabla ya kuanza kazi chora bamba na tundu lake chini kwa mkaa. Mwite mtu mzima achuchumae hapo, kisha mtoto. Chora nyayo zao, uchukue mahali patakapowafaa wote. Weka vijikalibu viwili vya umbo la unyayo, kimo sentimita moja na nusu. Kwaruza zege la chini yake, jaza, shindilia. Mwisho nyunyiza saruji kavu kidogo juu ya bamba lote na upige niru kwa mwiko wa chuma. Uso ukiwa laini hauna pa kushika uchafu, na fagio moja linatosha.

Baada ya saa tatu hivi bonyeza kwa kidole. Pasipobonyea, shika kiini, kitikise kidogo kidogo, kisha kivute moja kwa moja juu. Huko milimani Tarime wakati wa baridi ngoja zaidi. Mugumu jua likiwaka itakuwa mapema. Kalibu ya pembeni iache mpaka kesho.

KUNGOJA

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona unalimwagilia maji? Litakauka lini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, hatutaki likauke." Alinitazama kama mtu aliyepotea.

Lakini ndivyo ilivyo. Tofali la udongo hukaza kwa kukauka. Zege halikazi kwa kukauka. Saruji inakaza kwa kuungana na maji, na kazi hiyo inaendelea siku nyingi ndani kwa ndani. Ukilianika juani, maji yanaondoka kabla kazi haijaisha, na bamba linabaki dhaifu huku juu linaonekana gumu. Basi lifunike kwa magunia au majani ya migomba, umwagilie asubuhi na jioni, siku 7. Usilinyanyue wala kulikanyaga kabla ya hapo.

MFUNIKO

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mfuniko hauhitaji kalibu. Kalibu yake ni bamba lenyewe.

Siku ya pili, bamba likiwa bado chini, tia mchanga mbichi ndani ya tundu mpaka kimo cha sentimita 1. Zungushia kuta za tundu karatasi ya mfuko wa saruji iliyopakwa oili, au nailoni nyembamba isiyokunjamana. Bila karatasi hiyo mfuniko na bamba vitaoana, wala hutavitenganisha. Sasa changanya zege kwa kopo la nusu lita: saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Jaza, shindilia. Pinda kipande cha nondo kiwe mpini, ncha zake zikipanuka, na ukizamishe kabla zege halijaanza kushika. Usiiguse tena. Bamba na mfuniko vimwagiliwe pamoja.

Siku 7 zikiisha, vuta mpini. Utapata mfuniko wa kilo 4 hivi uliofuata umbo la tundu lake kila upande. Kwa kuwa tundu ni pana juu na jembamba chini, mfuniko hauwezi kutumbukia. Nzi hapiti, harufu inapungua. Mfuniko wa bamba la jirani hautakaa vizuri kwenye lako, hata kama kalibu ilikuwa moja. Kwa hiyo mkifanya kazi kwa kikundi, andikeni namba moja juu ya bamba na mfuniko wake zege likiwa bichi.

KULIJARIBU NA KULIWEKA

Weka mbao mbili chini, kimo sentimita 10, ulaze bamba juu yake likishikwa ukingoni pande mbili tu. Waite watu wazima wawili wasimame katikati, mmoja huku na mmoja huku ya tundu. Likivunjika, wataanguka sentimita 10. Ni afadhali hapo kuliko kule. Lisipovunjika, tazama chini yake kama kuna ufa. Lenye ufa lifanye ngazi ya kukanyagia mlangoni.

Bamba zima lina karibu kilo 40, libebeni watu wawili.

Sasa nisikudanganye. Bamba hili dogo halifuniki shimo pana peke yake. Kila upande lazima ukalie kitu imara kwa sentimita 10, basi uwazi ulio chini yake usizidi sentimita 40. Ukiliweka juu ya miti iliyoliwa na mchwa, litaanguka pamoja na miti, tena kwa uzito zaidi. Choo chetu cha nyumbani tulikivunja chote. Fundi alijenga mdomo wa shimo kwa matofali ya kuchoma na saruji, kila mstari ukiingia ndani kidogo kuliko wa chini yake, mpaka uwazi ukawa mdogo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kazi hiyo ya kujengea mdomo haikwepeki. Kama shimo ni la mviringo na pana, tafuta fundi anayejua bamba kubwa lililobinuka juu kama kifuniko cha sufuria, lile la Msumbiji lenyewe. Zege likibanwa huvumilia sana, likivutwa hukatika upesi. Umbo lile la kubinuka hulifanya libanwe, ndiyo maana halihitaji nondo. Likiwa bapa na pana bila nondo, ni hatari.

Mfuko mmoja wa saruji una takriban lita 35, kwa hiyo unatosha mabamba 6 na mifuniko yake. Kaya 6 zinaweza kuchangia mfuko mmoja na kutumia kalibu moja kwa zamu, siku kwa siku.

MASWALI

Andika majibu katika daftari lako, kisha uyalinganishe na ya mwenzako.

1. Kikundi kina kaya 18, na kila kaya inataka bamba na mfuniko. Wanunue mifuko mingapi ya saruji?

2. Kiini kina sentimita 17 juu na sentimita 15 chini. Kingekuwa na sentimita 15 juu na 17 chini, nini kingetokea wakati wa kukivuta? Na mfuniko je?

3. Urefu wa tundu ni sentimita 35. Kwenye mfano wa 1 kwa 5 utakuwa sentimita ngapi?

4. Bamba limemiminwa Jumatano. Mfuniko wake utamiminwa siku gani? Mfuniko ulale siku 7 zake kamili, kisha utaje siku ambayo watu wawili watasimama juu ya bamba.